Maswali yenu: Kale kandege ka nyota mbele ya macho

Mwezi huu barua zimeegemea upande mumoja, ni ndege tu. Hata ule musomaji wetu wa Panzi anayeulizaka kila mara juu ya migomba yake inayonyauka, safari hii ameuliza juu ya kunguru (papa, nitakujibu mwezi ujao, kunguru ana mambo mengi). Nimechukua barua tano. Zingine mtanisamehe, ukurasa ni mumoja na mwenye gazeti hapendi niruke mpaka.

Jambo Mwalimu. Siku ya posho tulipanda Tshivanga, kwa parki ya Kahuzi-Biega, na vijana ba kanisa, tukaingia mu pori na pisteri (mwongoza njia wa parki). Mahali kwenye kivuli nikaona kandege kamoja, tumbo manjano sawa kiini cha yayi, kichwa rangi ya moshi lakini moshi wa bluu, na mbele ya jicho kalikuwa na kadoa keupe kadogo sana, kama mutu amekagusa na koreketa. Kalitua sekunde tatu, kakashuka chini, kakapotea. Pisteri alikuwa mbele na kundi, nilipomuuliza akasema tu ndege ziko mingi. Telefone yangu ilitoka na foto ya majani. Nimeuliza batu bane, kila mutu na jina lake. Ni ndege gani? Kijana wa Nyawera, Bukavu.

Mudogo wangu, unalia juu ya foto ya majani na macho yako yamefanya kazi kupita telefone. Umenipa rangi ya tumbo, rangi ya kichwa, kadoa na mahali kadoa kalikuwa, umenipa kivuli, umenipa na kule kushuka chini. Watu wengi wananiandikia "niliona ndege ya rangi nyingi, ni gani?" halafu basi, sawa vile mutu anaenda kwa polisi kusema ameibiwa na mutu mwenye suruali.

Kandege kako kwa Kifaransa kanaitwa rougegorge étoilé, na wasomi wanakaita Pogonocichla stellata. Stellata ni Kilatini, mwenye nyota. Hilo jina la Kifaransa linanichekeshaka kila mara juu rougegorge ni koo nyekundu na huyu kwenye koo hana nyekundu hata tone moja, wazungu waliona umbo linafanana na kandege kao ka Ulaya jina likabaki hivyo. Nyota zake ziko tatu. Mbili ni zile za mbele ya macho, kila upande moja, na wewe uliona ya upande mumoja. Ya tatu iko katikati ya koo, pale chini, na hiyo anaifichaka, manyoya meupe yanalala chini ya yale ya rangi ya moshi mpaka siku amekasirika ao anataka kujionyesha kwa mwenzake, hapo njo anainua kidevu na kanyota kanafunguka. Mimi nimepanda kule miaka na miaka, hiyo ya koo nimeiona vizuri mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo nilikuwa nimekaa nakula muhogo, nimeshasahau mambo ya ndege.

Sasa, kilichonipa uhakika siyo manjano. Manjano kule juu ni ya watu wengi. Ni ile nyota pamoja na kivuli pamoja na kule kushuka chini. Nabahatisha mumoja kati ya wale watu wako wane alisema ni kale ka miwani, tule tundege twa manjano tunaokuja mpaka ndani ya miti ya hapa mujini. Watu wanazichanganya sana. Ka miwani kako na duara nyeupe inayozunguka jicho lote, siyo kadoa mbele ya jicho, na hakatembeaki peke yake, ni kundi zima linapita juu ya matawi likipiga kelele ndogo ndogo kama watoto wametoka masomo, leo mti huu, dakika mbili wako kwa jirani. Ka nyota ni mutu wa chini. Anakaa peke yake ao na mwenzake, kimo cha goti lako mpaka kichwa chako, amesimama wima, jicho kubwa jeusi, kimya. Ukiwa na bahati ya kumuona akiruka angalia mukia: pembeni manjano, katikati mweusi, na ncha yake yote nyeusi, sasa ule weusi unaandika T iliyopinduliwa miguu juu. Ukiona hiyo T na tumbo la manjano, funga kaye (daftari), umemaliza.

Dume na jike wanavaa sawa, usipoteze muda kuwatofautisha. Ila mutoto wake atakudanganya. Mutoto hana nyota wala bluu, ana madoa madoa ya manjano juu ya weusi kama mutu amemurushia rangi na burashi, na kila mwaka napata barua ya mutu anayefikiri amegundua ndege mupya.

Umeuliza jina tu lakini najua unataka kumuona tena, juu sekunde tatu hazimtoshi mutu. Usimfuate. Hilo ni kosa la kwanza la watu wote, wanaona kandege kanaingia kichakani na wao wanaingia nyuma yake na mabuti. Rudi palepale ulipomuona, hatua kumi nyuma, kaa chini kama ardhi haijalowa sana, na usifanye kitu robo saa. Ndege wa namna hii ana kipande chake cha pori na haendi mbali. Ukikuta siafu wanapita, usiwakimbie, wewe simama pembeni tu (weka suruali ndani ya soksi, nimesema!). Siafu wakitembea wadudu wote wa chini wanaruka kuokoa maisha, panzi, buibui, mende wa pori, na ndege wa kivuli wanalijua hilo kuliko sisi. Nilimuona mumoja pale amejishika kwenye kajiti ka wima, ubavu ubavu, anaangalia chini na jicho moja. Panzi akaruka. Akadondoka, siyo kuruka, kudondoka kama jiwe, nikasikia tu "tak" ya majani makavu, na kabla sijavuta pumzi amesharudi kwenye kajiti kalekale na miguu ya panzi inatoka pembeni ya mudomo. Alifanya hivyo mara sita. Siafu zilinifikia kwenye goti na sikujuta.

Na masikio pia. Anapiga filimbi laini, ya kupanda na kushuka, hana haraka. Msimu wa mvua utasikia hapohapo yule ndege wa noti tatu zinazoshuka, tatu, ananyamaza, tatu tena, siku nzima mpaka unamchoka. Yule ni wa jamii ya kekeo, wa kifua chekundu, na hajengi nyumba. Yayi lake analiweka ndani ya nyumba za watu, na huyu ka nyota ni mumoja wa wanaolea mutoto wa wenyewe. Nyumba yake iko chini kabisa, imefunikwa juu kama kibanda, mulango pembeni, majani na kuvumwani, unaweza kuikanyaga usijue, njo maana nakataza mambo ya kuingia kichakani.

Pisteri usimukasirikie. Yeye amefundishwa gorila, anasoma mavi na majani yaliyovunjika, na kundi lenu lilikuja kutembea siyo kusimama. Siku ingine pita kwanza kwa bilo ya ICCN, wale wenye kulinda parki, pale Tshivanga useme wazi nimekuja kwa ndege, watakutafutia mutu wa kutembea polepole. Ni kama kilometa 30 na kitu kutoka hapa kupitia Miti, na hali ya barabara mnaijua wenyewe, uliza siku ile ile kabla ya kupanda gari.

Mwalimu, mimi ni dereva wa moto (pikipiki), nalala Bagira. Kila asubui kuko ndege ndogo, nyeusi nyeusi, mudomo wake umepinda kama sindano ya kushona viatu, inakuja kupigana na retroviza, kile kiyo cha kuangalia nyuma, ya moto yangu. Inapiga kiyo, inakunya juu yake, inarudi. Wiki mbili sasa. Jirani anasema ni mutu amenitumia kitu. Mimi siamini lakini mke wangu ameanza kuamini. Nifanye nini?

Valisha retroviza soksi. Nasema kweli, usiku ukiiweka moto ndani ya parsele (kiwanja chako) valisha kila kiyo soksi ya zamani, ukitoka vua, na baada ya siku chache vita vitaisha.

Yule ni chozi, na ni dume, na anakutana na dume mwingine ndani ya kiyo chako. Ndege wadogo hawajui kujitambua. Yeye ana maua yake hapo kwenye uzio, ana jike wake labda na nyumba, na kila asubui anakuta mwanaume wa kimo chake, wa rangi yake, amesimama palepale hakimbii, akipigwa naye anapiga, wewe ungefanya nini? Hakuna mutu aliyekutumia kitu. Mwambie mama watoto achukue kiyo kidogo akiweke upande mwingine wa parsele, ataona ndege anahamia kule kupigana, na jirani atafute habari ingine.

Lakini uliniandikia "nyeusi nyeusi" na hapo nataka tubaki kidogo. Muangalie tena jua likishapanda, simama jua likiwa nyuma yako. Utaona hana weusi hata. Kama ni yule ninayemufikiria, yule wa kawaida kabisa wa bustani zetu, kichwa na mugongo ni kijani kinachoenda kwa bluu, kifua zambarau, na tumbo manjano ao karibu na chungwa. Rangi ya chozi haiko kama rangi ya kitenge, iliyopakwa. Ndani ya unyoya kuko tabaka nyembamba sana, na mwangaza ukigonga pale unarudi umegawanyika, sawa mafuta ya moto yako yakimwagika juu ya maji unaona kijani na zambarau na mafuta yenyewe hayana rangi hiyo. Jua likikosa, ama ukisimama upande mubaya, unaona nyeusi tu. Njo maana mutu akiniambia "niliona chozi nyeusi" namuuliza kwanza ulisimama wapi. Tumbo lake la manjano lenyewe ni rangi ya kweli, hilo halibadiliki hata kukiwa mawingu, kwa hiyo anza na tumbo.

Ukimuona mwenye manyoya mawili marefu katikati ya mukia, mukubwa kidogo, anapenda maua ya chungwa ya majani ya shambani, huyo ni mwingine, anaangaza kama shaba. Na jike wa hawa wote ni kijivu-majani tu, mudomo uliopinda njo unamtambulisha. Kule juu Kahuzi kuko ndugu zao ambao hata mimi wananitoa machozi, mumoja ana kifua chekundu na manjano pembeni, mwingine zambarau mwili karibu muzima na mukia murefu. Huyo wa zambarau umtafute kwenye mti mukubwa wa maua mekundu, Symphonia, ukitoa maua anakuwa pale juu kabisa na shingo yako itauma siku mbili.

Habari Mwalimu. Ku avoka yetu hapa Muhumba kuko ndege ya kahawia-nyekundu na kichwa cheusi, mukia wake murefu kama utepe wa zawadi. Amejenga nyumba ndogo sana, nafikiri ni kikombe cha kahawa, ku tawi nyembamba. Batoto banataka kupanda waone mayayi, na nimeona moja ana manati. Ile mwenye kukaa ku mayayi saa zingine iko na mukia murefu saa zingine mufupi, mukia unakatika na kuota tena siku moja? Mama wa Muhumba.

Mama, umenifurahisha sana na hilo swali la mukia. Haukatiki. Ni wawili, bwana na bibi, wanabadilishana zamu. Mwenye utepe ni bwana, mwenye mukia mufupi ni bibi, na kwa ndege hawa bwana anakaa kwenye mayayi kabisa, hata na huo mukia wake unaoning'inia nje ya nyumba kama mutu aliyelala kwenye kitanda cha mutoto. Mumpe heshima yake. Kwa Kifaransa wanamuita tchitrec. Ukikaribia bila kumushitua utaona kaduara ka bluu kanazunguka jicho.

Nyumba yake itazame na jumeli (darubini) ama kwa dirisha la juu, usiiguse. Amekusanya nyuzi ndogo ndogo za majani akazifunga na utando wa buibui, na nje amebandika vipande vya kuvumwani vya gome la mti, kiasi kwamba mutu anaona ni kifundo cha tawi tu. Utando wa buibui unavutika, njo watoto wakikua nyumba inapanuka bila kupasuka. Ndani mayayi ni mawili ao matatu.

Kwa habari ya watoto, siku ya kwanza wakipanda hakuna kitakachotokea na watafikiri Mwalimu ni muongo. Tabu inakuja baadaye: tawi limetikisika, majani yaliyoficha yamesogea, na paka ama kunguru amewaona wanaangalia wapi. Fanya hivi, mupe yule mwenye manati kaye na biki, mwambie yeye njo mulinzi, aandike kila asubui nani amekaa, utepe ama mufupi, na saa gani wamebadilishana. Mimi nilianza hivyohivyo, na mimi pia nilikuwa na manati, marehemu mama alinivunjia ile fimbo mbele ya wenzangu. Akifika mwisho wa mwezi uniletee hiyo kaye hapa kwa gazeti, nataka kuiona. Mayayi yatapasuka ndani ya wiki mbili na kidogo, watoto watakaa tena karibu wiki mbili hivi, halafu nyumba inakuwa tupu na huo utepe bwana ataupoteza msimu ukiisha, msije mkaniandikia kwamba amekatwa na mutu.

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa biolojia hapa Bukavu. Nimeweka Merlin, ile programu ya kutambua ndege, ku telefone, nilipiga foto ya ndege ya kijani kule Kahuzi kutoka mbali, ikanipa majina tatu na moja ni ile ndege nadra ya Grauer! Mwalimu wangu wa masomo anacheka tu. Nani yuko na haki? Na ni jumeli gani ninunue?

Nimeangalia foto uliyotuma. Ni mugongo. Mugongo wa kijani, ukungu, na tawi. Sikucheki, na nitakuambia sababu.

Miaka ya nyuma nilikuwa na siku yangu. Asubui ya ukungu, karibu na mianzi, nikaona kitu cha kijani kimenipa mugongo, kimetulia, na mimi nilikuwa nimesoma wiki nzima juu ya ndege wa Grauer, yule wa kijani, mufupi mnene, koo bluu ya kuchuja, ambaye duniani yuko kwenye misitu michache tu, hapa kwetu Itombwe na Kahuzi, na Bwindi ya Uganda. Rudolf Grauer alimupata 1908, Rothschild akamuandika 1909, halafu miaka ikapita wazungu wengine hawakumuona mpaka safari ya Rockefeller na Murphy ya 1928 na 1929. Mimi nikajiona niko kwenye hiyo orodha. Nilishuka Bukavu, nikaambia kila mutu, nililipia watu bia. Wiki iliyofuata nikarudi na rafiki mwenye jumeli nzuri, ndege wetu palepale, tawi lilelile. Akageuka. Mudomo murefu umepinda, koo manjano, kifua kahawia ya mudalasini. Kerem, mula nyuki! Yule wa milimani, unamuona hata kando ya barabara. Bia zile sikurudishiwa.

Kwa hiyo mwalimu wako njo ana haki, ila asingecheka. Programu ni nzuri, mimi ninayo, pakua pakiti ya eneo letu ukiwa bado mujini juu kule mutandao unakatika. Lakini ile mashine imepewa mugongo, na inalazimika kukujibu, haijui kusema sijaona. Kahuzi-Biega imeandikwa zaidi ya aina 340 za ndege, ukimpa mugongo wa kijani atakutajia watatu na wote wanaweza kuwa waongo. Umuulize baada ya wewe kujijibu: mudomo uko namna gani, mufupi mnene wa mbegu, mwembamba wa wadudu, umepinda wa maua? Alikuwa kimo gani cha mti? Peke yake ao na wenzake? Alikuwa anafanya nini? Rangi iandike ya mwisho. Wa Grauer anakaa juu kwenye matawi, mara nyingi anatembea na kundi la ndege wa namna mbalimbali, na mudomo wake ni mupana mufupi. Kerem anakaa tawi la wazi, anaruka kukamata kitu hewani anarudi palepale. Hata mugongo tu, dakika mbili za kuangalia tabia zingekujibu. Sauti zake na za wengine ziko bure ku xeno-canto, tovuti ya sauti za ndege, zisikilize nyumbani. Usizipige porini kwa sauti kubwa mara ishirini ili ndege atoke, unamfanya aache chakula na watoto kuja kupigana na telefone, ni retroviza ya yule ndugu wa Bagira tena.

Jumeli: tafuta ilioandikwa 8x42. Ile 8 ni mara ngapi inakuza, 42 ni upana wa kiyo cha mbele kwa milimeta. Watu wa soko watakuuzia 20x ama 30x wakisema ni ya jeshi, uikatae, mukono ukitetemeka kidogo ndege anacheza ndani kama ana homa, na porini ni giza, utaona giza lililokuzwa. Gawanya 42 kwa 8, unapata 5 na kitu, hiyo ni milimeta za mwangaza unaofika kwa jicho lako. Fanya hivyo na 20x50 uone inabaki 2,5. Kabla ya kulipa angalia nguzo ya umeme, ukiona mbili mbili baada ya dakika, irudishe, viyo vyake vimekaa vibaya na kichwa kitakuuma. Na ukitaka foto, bandika kamera ya telefone juu ya upande mumoja wa jumeli, sogeza polepole mpaka ule weusi wa pembeni uondoke. Mimi foto zangu zote nzuri (ni nne) zimetoka hivyo.

Kwa kuwa uko musomi, panda siku moja Lwiro, kwenye kituo cha utafiti kilichoanza 1947, kuna ndege waliohifadhiwa kwenye masanduku na unaweza kuomba kuwaona kwa barua ya masomo. Ukishika mudomo wa kerem na macho yako mwenyewe hutalipia mutu bia.

Mwalimu nauliza fupi. Wale ndege wa rangi wa Kahuzi, mutu akikamata wawili akaweka mu kaji nyumbani, banaweza kuishi? Wanakula mchele?

Nitajibu fupi. Hapana. Chozi anaishi kwa maji ya maua na wadudu wadogo, ka nyota kanaishi kwa wadudu, mchele wako ni mawe kwao, watakufa ndani ya siku chache na usiku wa kwanza watajigonga kichwa kwenye vyuma mpaka damu. Na ndani ya parki ni kosa, sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014. Panda uzio wa maua parselani, watakuja wenyewe na chakula utakuwa haununui.

Nilisema barua tano lakini hii ya mwisho ni mistari miwili na sikuweza kuiacha:

Kuko ndege hapa Nguba inaanza kuimba mbele ya jua, inaanza polepole halafu inapanda inapanda mpaka inaniamsha, mumoja tu lakini sauti kama ya wawili. Nani?

Kurumbiza, mwenye nyusi nyeupe. Kichwa cheusi, mustari mweupe juu ya jicho, chini yote chungwa. Anaishi ndani ya vichaka vya mujini bila shida na anaimba mara mbili, mbele ya jua na jua likizama, anaanza chini chini kama mutu anajaribu mikro halafu anapandisha mpaka mwisho. Na umesikia vizuri: mara nyingi ni wawili kweli. Dume anaimba, jike anaingiza noti nyembamba ya juu palepale katikati, wanafungana vizuri hivi kwamba sikio linahesabu mumoja. Kesho usitoke na taa. Simama kwenye mulango, sikiliza ile noti nyembamba inatoka upande gani na ile nzito upande gani, nina hakika hazitoki kwenye kichaka kimoja. Halafu subiri moto ya kwanza ipite barabarani, utasikia wote wawili wananyamaza mara moja.